Mitambo, Mama Mkwe na Albamu ya Sabuni ya Kipande

Uvumilivu wangu uliisha Alhamisi asubuhi, mikono ikiwa ndani ya beseni la nepi.

Vijana watatu waliingia uani kwetu, Kimara Temboni, mmoja kabeba gitaa mgongoni. Wakanipita mie kama wanapita nguzo ya umeme, wakaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa mama mkwe wangu, Bi Somoe, aliyekuwa anachambua mchele huku mwanangu Imrani kamwegemea. Wakapiga magoti. Vijana wa Mikocheni hao, suruali zimechanika magotini tayari, kwa hiyo hawakuharibu kitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnauza nini?"

"Hatuuzi, bibi. Sisi ndio Sabuni ya Kipande. Ni bendi. Tumekuja kukuomba utokee kwenye video ya wimbo wako."

"Wimbo wangu mie?"

"Wewe ndiye mwenyewe. Ngoja usikie rekodi ya mwanzo, kabla hatujaitengeneza."

Yule mwenye gitaa akatoa simu, akabonyeza, na sauti yangu mie Rehema, mke wa mwanawe, ikatoka safi kabisa: "Mama anamwamsha mtoto, anamuuliza kama amelala."

Bi Somoe aliacha kuchambua mchele. Mie nikanyanyua beseni. Maji yote, pamoja na sabuni na vilivyokuwemo, yalimfikia yule mwenye gitaa. Simwonei huruma. Nazionea huruma nepi, ilibidi zifuliwe upya.

Sasa Zawadi, na nyie wengine mliobaki kwenye mitambo ya muziki kule Tandika, mmeniomba siku nyingi niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nawaandikia. Humo humo mtaelewa sauti yangu ilifikaje kwenye simu ya mtoto wa Mikocheni. Habari za nani alipandishwa na nani alilipwa nini hamtazikuta, hazijawahi kumsaidia mtu kuunganisha spika.

Watu wananicheka nikisema nimestaafu. Eti mtu wa umri wangu, ana mtoto wa kunyonya, hastaafu, anaacha kazi tu. Mie nimestaafu. Nimebeba sabufa tangu nilipotoka shule, na mgongo wangu una umri wake wenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hawakuyataja mbele ya wageni. Shangazi akanipeleka kwa Mzee Kondo, aliyekuwa anakodisha muziki wa shughuli: spika, maiki, jenereta, na viti vya plastiki kwa wasiotaka kukaa chini. Niliambiwa anatafuta msichana wa kupokea oda, nikaenda nimevaa sketi ya kubana na viatu vya kisigino, nikidhani kuna ofisi. Palikuwa na stoo, panya, na rundo la waya lililovurugana kama tambi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kunja hizo."

"Zote?"

"Ukiona nyingine, na zenyewe."

Nikakunja siku nzima. Jioni akaja, akashika mkunjo mmoja, akaurusha mbele kama anavua samaki. Waya ukajipiga fundo hewani. Hakunigombeza. Aliniambia kesho nije na raba, akaenda zake kuswali.

Wiki za mwanzo sikugusa kitu kingine. Waya ukiuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kisimani, unaua nyuzi za ndani, na utakatika siku ya shughuli, wakati ule bwana harusi anaitwa mbele. Unaukunja kwa vidole, mzunguko mmoja kwa ndani, mmoja kwa nje, unaufuata unakotaka kwenda. Najua mnajua. Ila nimewaona kwenye picha mliyoniwekea juzi, mmezungusha kwenye kiwiko. Acheni hiyo tabia.

Somo la pili ndilo lililoniharibia maisha.

Mzee Kondo alikuwa hataki kumsikia fundi anayejaribu maiki kwa kusema "moja mbili, moja mbili".

"Nani anaongeaga hivyo?" aliniuliza. "Umeona wapi mtu kapewa maiki kwenye shughuli, akahesabu mpaka mbili, akakaa?"

"Sasa nisemeje, mzee?"

"Sema kinachokuuma. Mtu akisema kinachomuuma anapanda, anashuka, ananong'ona, anafoka. Maiki utaijua yote. Ukisema moja mbili, utajua moja na mbili."

Yeye alikuwa na jirani yake, Maulidi, aliyesogeza ukuta. Kila shughuli, kabla wageni hawajafika, uwanja ukiwa na mbuzi na wapishi tu, Mzee Kondo anashika maiki anaanza kwa upole: "Maulidi, ukuta ule ulianzia wapi?" Anapanda taratibu mpaka kwenye kifusi, anashuka mpaka kwenye msingi, na akifika kwenye choo cha watu kilichomezwa na ukuta ule, spika zimeshakaa sawa, na yeye mwenyewe amepoa kama mtu aliyetoka kuoga. Wapishi wote wa Temeke waliujua ule mpaka kuliko mtu wa ardhi.

Mie nilianza na mwalimu wa nidhamu wa shule yangu. Akaisha. Nikahamia kwa mama mwenye nyumba wetu, aliyekuwa anazima taa ya nje mgeni akiwa bado anaaga. Na yeye akaisha. Halafu nikaolewa na Hamisi, fundi friji, tukapanga Kimara, nikamzaa Imrani, na mama yake Hamisi akaja kutoka Masasi kunisaidia kulea. Toka hapo sikuishiwa maneno.

Msinielewe vibaya. Bila Bi Somoe, mie kazi ningeiacha wiki niliyojifungua. Nilikuwa natoka Jumamosi asubuhi, narudi nimechoka kama punda, namkuta mtoto kashiba, kaogeshwa, kapakwa mafuta mpaka anateleza ukimnyanyua. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini nimechelewa. Na sasa nilipoanza kukaanga chapati za kuuza asubuhi, ni yeye anayebaki na Imrani. Mwanamke yule akiondoka nyumbani kwangu, nyumba inaanguka.

Lakini jamani, ana mambo. Na mambo yale, kwa kazi yetu, yalikuwa dhahabu. Nilikuwa naanza chini, karibu na maiki, kusikiliza besi: "Mama anamwamsha mtoto, anamuuliza kama amelala." Nasogea nyuma kidogo: "Mama anaonja mboga kabla sijatia chumvi, anasema haina chumvi." Hiyo "chumvi" mzingatie, inawaonyesha kama maiki inachoma masikio. Halafu napaza: "Mama kajifungia mlango mwenyewe kwa ndani, anauliza nani kamfungia." Hapo spika ikivumilia, itavumilia MC yeyote. Zawadi, na wewe ulizikariri, usijifanye.

Sikuona ubaya. Uwanja ulikuwa mtupu, na Bi Somoe alikuwa Kimara.

Kuhusu kesi ngumu, niwape chache, maana zitawakuta. Mchungaji na MC wana ugonjwa mmoja: hawaiamini maiki. Umewapa kifaa kinachofikisha sauti mpaka mtaa wa pili, bado wanapiga kelele kama wanaita mtu ng'ambo ya bonde. Usibishane nao. Washushe kidogo kidogo kwenye mixer wakiwa wamefumba macho, wakifumbua hawatajua. Mgeni rasmi yeye anaimeza maiki. Mvalishe ile sponji nene, na baada ya hapo uifue.

Mvua ikikupata, funika mixer kwanza, wewe baadaye. Mie niliifunika kwa kanga yangu kwenye kitchen party moja ya Mbezi Luis, nikabaki na gauni la ndani na fulana ya kazi, na wamama wakanitunza hela wakidhani ni sehemu ya shughuli.

Aliyenifundisha kunyamaza ni mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyetukodi kwa majlisi ya maombolezo ya familia yake. Nikapanga spika kubwa kama za harusi. Akaja, akaziangalia, akaniita pembeni. "Mama, hizi rudisha kwenye gari. Weka ile ndogo. Hapa tunalia, na mtu hawezi kulia vizuri akipigiwa kelele." Nikaweka ndogo. Nilikaa nyuma nikisikiliza, sikuelewa lugha, lakini kila neno lilifika. Tangu siku ile, kabla ya kuongeza sauti, nilikuwa najiuliza watu wamekuja kufanya nini.

Sabuni ya Kipande wao walikuja kufanya nini, mpaka leo sijui.

Walitukodi miezi yangu ya mwisho kazini, kwa ajili ya mazoezi, kwenye karakana moja ya Mikocheni iliyokuwa imefungwa. Wao hujiita bendi huru. Maana yake, nilivyoelewa, hakuna aliyewachukua. Kiongozi wao ni Deo, mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Yupo wa besi, sijawahi kumsikia akisema kitu. Na yupo wa ngoma, ambaye peke yake alinisaidia kushusha sabufa, kwa hiyo nitamsema vizuri popote.

Walichomeka kompyuta yao kwenye mixer. Deo akasema wanarekodi mazoezi wajisikilize. Sawa, mteja ndiye mwenye hela. Nikasimama mbele ya maiki ya kwanza nikaanza kazi kama kawaida, mtoto, chumvi, mlango. Karakana ile ina mwangwi, ikabidi nirudie maiki ya pili na ya tatu. Vijana wametulia, hawagusi vyombo vyao. Nikasema hawa wana adabu, wanamwacha fundi afanye kazi.

"Sista," Deo akaniita. "Samahani. Unaweza kurudia ile ya mtoto?"

Nikajua maiki ya tatu haijakaa sawa. Nikarudia.

"Na ukiongeza hasira kidogo?"

Wapendwa, nikaongeza. Nikaongeza na ya uji, na ya ndoo, na ya simu yake anayoiweka sikioni kichwa chini. Wa ngoma akaanza kunifuata na vijiti pole pole, nikadhani naye anajaribu vyombo vyake. Mie kazi ni kazi. Nilimaliza nikakunja waya, kwa vidole, nikaenda nyumbani nikamkuta Bi Somoe kamwamsha mtoto.

Nikastaafu. Mkanipikia pilau, mkanipa kanga na feni, nawashukuru, feni inafanya kazi. Nikawa na chapati zangu na mtoto wangu. Halafu siku moja mchana Zawadi ananitumia ujumbe: "Dada, wale wa karakana wametoa albamu. Sikiliza wa nne. Kaa chini kwanza."

Nilikaa chini, Imrani ananyonya, sikio moja lina spika ya simu, jingine linamsikiliza Bi Somoe asiingie. Nikaianza albamu kama fundi, tangu wimbo wa kwanza. Inaitwa Maji Yamekatika. Nitawapa nilivyoisikia mara ya kwanza, bila kumwonea mtu.

Wimbo wa kwanza ni Deo anakaza nyuzi za gitaa. Nilisubiri amalize ili wimbo uanze, ukaisha. Wa pili anaimba habari za mvua inavyopiga bati usiku na yeye hana usingizi. Deo anakaa Mikocheni. Nyumba yao ina vigae, nimeiona, nilipeleka spika. Bati alilisikia wapi. Wa tatu ananong'ona, ananong'ona, halafu kuna sauti ya mtu anakoroga chai. Kijiko kile kimerekodiwa vizuri kuliko Deo mwenyewe, nadhani wamekiwekea maiki yake. Lakini ngoma, niseme ukweli, ngoma za yule kijana ni safi. Zinakaa tumboni, hazikimbilii masikioni.

Wa nne unaitwa Umelala. Unaanza na ngoma zile, besi ikaingia chini, pana, tulivu, nikajisikia natikisa mguu. Na nikasikika mie.

Wamenipandisha sauti kidogo, natoka kama nimebanwa na mlango, lakini ni mie. Mtoto, chumvi, mlango. Kila nikisema "anamuuliza kama amelala", vijana wanaitikia kwa pamoja, "Amelala?", na ngoma zinaongeza mwendo, mpaka mwisho zinakimbia singeli kabisa na mie nakimbia nazo. Sikumbuki kukimbia hivyo. Nikaurudia. Nikaurudia tena. Nyimbo zilizobaki sikuzimaliza mpaka siku ya pili, na hapakuwa na haja, moja ni kijiko kile kile.

Kilichoniuma ni kwamba ndio wimbo pekee mzuri humo ndani. Ungekuwa mbaya ungejifia wenyewe.

Haukufa. Kinyozi wa kona akawa anaupiga. Bodaboda wa Temboni wakawa wanaitikia "Amelala?" abiria akichelewa kupanda. Kwenye shukrani wameandika "Sista wa Mitambo", basi, bila jina, na hiyo peke yake ndiyo iliyoniokoa kwa muda. Hamisi nilimwambia jioni ya siku ile niliyousikia. Akausikiliza wote, uso haumchezi.

"Usimwambie mama," akasema.

"Na akiusikia?"

"Nyimbo za siku hizi hazikai. Utapita." Halafu akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Nilimpiga na mto.

Aliusikia. Alienda gengeni kununua nyanya, akarudi ameshika kiuno anacheka.

"Mama Imrani, kuna wimbo huko nje. Kuna mwanamke kaimbwa. Ana mkwe huyo, jamani, Mungu amsaidie."

"Nani, mama, huyo mwanamke?"

"Yule mama mkwe. Kapata mkamwana mwenye mdomo. Umsikie anavyofoka, hana hata haya. Mie ningemrudisha kwao."

Akaingia chumbani kwa Imrani huku anauimba. Nikamsikia anainua neti. "Umelala?" akamuuliza mtoto, kwa mahadhi yale yale ya wimbo. Mtoto akaamka akalia. Mie niko jikoni nimeng'ata kanga.

Nikampigia Deo. Nilijiandaa kwa matusi, nikaanza na utulivu.

"Deo, futa ule wimbo."

"Sista. Afadhali umepiga. Watu wanaupenda."

"Ni sauti yangu, hukuniomba."

"Nilikuomba, sista. Nilikuomba urudie, ukarudia. Nikakuomba uongeze hasira."

"Nilikuwa najaribu maiki."

"Kweli? Sisi tulidhani ni shairi. Tulidhani unatupa."

"Nakutolea siri za nyumbani kwangu nikupe wewe? Nakujua?"

"Ndiyo maana tuliguswa, sista."

Nikamwambia asikanyage kwangu Kimara. Nikamwambia mama mkwe wangu yuko hai, anakaa humu humu, analea mtoto, na akijua itakuwa msiba. Nikadhani nimemtisha. Kumbe nimempa wazo. Alichosikia yeye ni kwamba bibi mwenyewe yupo hai na anapatikana Kimara, na Alhamisi ndiyo wakaja, wameelekezwa na bodaboda, kupiga magoti kwenye mkeka.

Kwa hiyo mmerudi uani na mie, Deo amelowa, gitaa linadondosha povu, yule wa besi kwa mara ya kwanza nimemsikia anasema neno, akasema, "Duh."

Walikimbia. Bi Somoe hakuinuka. Alimalizia mchele wake, akapepeta, akaniuliza kitu kimoja tu, bila kuniangalia.

"Ya mlango nayo ni mie?"

"Ndiyo, mama."

"Nilijua." Akaingia ndani.

Mchana hakuonja mboga. Niliipika makusudi bila chumvi kabisa, nikaiweka mbele yake, akala kimya, akaosha mikono. Hamisi alirudi, akamsalimia mama yake, akajibiwa marahaba kavu, akakumbuka kuna friji ya mtu inamsubiri. Alasiri nikasikia begi linavutwa chini ya kitanda. Lile kubwa lenye mistari, alilokuja nalo kutoka Masasi.

Imrani alilala mapema jioni ile. Hakuna aliyemgusa. Nikakaa sebuleni, nikafungua televisheni, nikaifunga. Kimya kile kilinikera kuliko chochote. Baadaye kidogo nikajikuta nimeinua neti, nimeinama juu ya mtoto, nataka kujua kama kweli amelala. Nikageuka, Bi Somoe amesimama mlangoni ananitazama. Alikwenda zake.

Asubuhi amevaa baibui, begi liko miguuni. Sikukaanga chapati siku hiyo.

"Mama, usiende," nikamwambia. "Leo hii naenda serikali ya mtaa kuwashitaki wale watoto. Wimbo utafutwa, utakuwa kama haukuwepo."

Alifikiria. Akanyanyua begi.

"Twende wote."

Tukaenda, mie nimembeba Imrani, yeye kabeba begi, amekataa nimsaidie. Ofisini alikuwepo mtendaji wa mtaa, baba mmoja mnene mwenye kalamu sikioni, na nyuma ya dirisha lake kwa kinyozi unapigwa nini, mnaujua.

"Shikamoo mama," akamsalimia Bi Somoe. "Unasafiri?"

"Marahaba. Itategemea na wewe."

Nikaeleza yote. Mtendaji alisikiliza mpaka mwisho, akauma midomo vizuri sana, na aliponiuliza maneno yenyewe yanasemaje, nilimwambia hana haja ya kuyajua. Dirishani yakajisema. Akainama kuokota kalamu iliyokuwa haijadondoka.

"Kwa hiyo niandike mnaomba ufutwe," akasema.

"Ufutwe," nikasema mie.

"Usifutwe," akasema Bi Somoe.

Tukamgeukia wote, hata Imrani.

"Mie nimeimbwa," akasema. "Kwetu, kwenye ngoma za kina mama, mwenzio akikuimba huendi kwa mwenyekiti. Unatulia, unasubiri mzunguko wako ufike, na wewe unaingia kati unamwimba. Ukiondoka kabla hujajibu, umeonekana huna la kusema. Sasa huyu mwanangu kaniimba mpaka kwa vinyozi, halafu anataka ngoma ivunjwe kabla ya zamu yangu. Nimelala macho wazi usiku kucha, si kwa hasira. Nilikuwa natunga."

"Unatunga nini, mama?" nikauliza.

"Utasikia. Kuna ya chapati. Kuna ya anavyoficha viatu vipya Hamisi asivione. Kuna ya jana jioni, kwenye neti." Akaligonga begi kwa mguu. "Nikipewa zamu yangu, nabaki. Nikinyimwa, basi la Masasi nalijua."

Mtendaji akavuta karatasi. Akauliza nani mlalamikaji. Bi Somoe akasema wote wawili, na akasimama nyuma yake kuhakikisha kila neno linaandikwa. Kuna mahali nilitaka kupinga. Nikaliangalia begi, nikaweka sahihi. Hii hapa nawanakilia kama ilivyogongwa mhuri.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BENDI IITWAYO SABUNI YA KIPANDE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa mtaa huu, Rehema, mlalamikaji wa kwanza, na Bi Somoe, mama mkwe wake, mlalamikaji wa pili, tunalalamika kwamba bendi tajwa ilichukua sauti ya mlalamikaji wa kwanza akiwa kazini anajaribu maiki, ikaifanya wimbo, ikautoa kwenye albamu yake bila ridhaa yake, wimbo ambao unamhusu mlalamikaji wa pili kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mlalamikaji wa kwanza anaomba wimbo huo ufutwe.

Mlalamikaji wa pili anaomba wimbo huo urefushwe, ili naye apate nafasi ya kujibu, na jibu lake lisipungue urefu wa wimbo wenyewe.

Baada ya mashauriano yaliyofanyika mbele ya mtendaji, mlalamikaji wa kwanza ameondoa ombi lake.

Mlalamikaji wa pili anaomba bendi iitwe ofisini kupanga siku ya kurekodi, yule wa ngoma asikose.

Aidha, kwa kuwa vijana hao wana tabia ya kupandisha sauti za watu, mlalamikaji wa pili anaomba siku hiyo mitambo isimamiwe na mlalamikaji wa kwanza mwenyewe, na asiipunguze sauti mahali popote atakapotajwa yeye.